Sauti ya Yona Kwenye Wimbo wa Wakorea

Kilosa, Ijumaa, saa tisa alasiri

Debora mama,

Wewe na mama yako mmekwenda Masanze kumuaga bibi, na mimi nimebaki hapa karakana nikijifanya nina kabati la kumalizia. Kabati lenyewe lilikwisha juzi. Nimekaa kwenye benchi langu la kazi, naandika kwenye karatasi za nota za kwaya kwa sababu hakuna nyingine, kwa hiyo ukiona upande wa pili sauti ya nne na sauti ya tatu zimeandikwa kwa penseli, usihangaike nazo.

Mambo ya chandarua, unga, vyeti kwenye bahasha ya nailoni na nani wa kumpigia ukifika Mbeya, mama yako ameshayasema mara tatu, na kesho atayasema tena mpaka basi liondoke. Ya uuguzi nayo wenyewe watakufundisha huko chuoni. Mimi hata kidole changu nikikikata na msumeno huwa natazama pembeni. Nina jambo moja tu la kukuambia, na ni baya.

Ukishalisoma, huenda kesho usitake kunipa mkono. Nimelifikiria hilo wiki nzima. Nilifikiria hata kuitumbukiza barua hii chini ya nguo zako, uje uikute ukiwa umeshavuka Iringa na mimi niko mbali. Huo ungekuwa ujanja, na ujanja wa namna hiyo nimeshaufanya vya kutosha. Nitampa mama yako akukabidhi leo jioni mkirudi, kabla ya chakula. Kesho ukinikwepa, unikwepe ukiwa unajua kwa nini.

Ni habari ya simu ya kaka yako Yona. Mengi unayajua, tena mengine unayajua kunizidi, lakini niache niyapange tangu mwanzo. Nisipoyapanga nitaruka pale pale panaponiuma. Najijua.

Ulianza wewe, usikatae. Ulikuwa kidato cha tatu ulipoleta ule wimbo wa vijana wa Kikorea hapa nyumbani. Mimi nilidhani ni mambo ya kupaka nywele rangi na kurukaruka, mara nikasikia kufokafoka, ngoma zinapiga kama mtu anavunja mlango. Nikawauliza, "Hawa wanamgombeza nani?" Yona akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Baba, hawagombezi mtu. Wanajieleza." Wewe ukanifafanulia kwamba wanawaambia wakubwa wao: mmetuchagulia shule, kazi, hata viatu, je, mliwahi kutuuliza? Nikasema, "Basi ndiyo kugombeza kwenyewe." Nikarudi kwenye mbao zangu.

Lakini mlishikamana na wimbo huo ninyi wawili! Maneno ya Kikorea uliyaandika kwa herufi zetu kwenye daftari la Bayolojia, nyuma ya picha ya moyo wa ng'ombe. Yona anafoka, wewe unapokea kiitikio, mkikosea mnaanza upya. Mama yako alikuwa anachambua mboga huku anatikisa kichwa kwa mdundo na kujifanya hasikilizi. Nyumba ilikuwa na watu siku hizo, Debora. Mimi nilikuwa nakasirika tu.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakijui. Ule wimbo ulinikamata. Siku moja wewe uko shule, Yona yuko uani anarudiarudia kipande kimoja, mimi niko hapa hapa. Nikachukua penseli nikaandika nota zake juu ya ubao wa mninga. Besi yao haina mambo mengi, inakanyaga nota mbili tu, do na la, do na la, lakini juu yake zile sauti zinapokezana bila kuacha pengo hata la kupumua. Miaka ishirini na sita nawafundisha watu kanisani kupokezana, na besi wangu mpaka leo wanaingia wakati wengine wameshamaliza. Nikasema kimoyomoyo, hawa watoto wa watu wamefanya mazoezi. Nikasikia Yona anakuja kuomba gundi. Unajua nilifanya nini? Nikapitisha randa pale pale, nota zote zikatoka na maranda. Kijana akaingia, akachukua gundi, akatoka. Ningemwambia sentensi moja tu siku ile. Sikuitaka itoke kinywani mwangu, kwa sababu ningeonekana nimeshindwa.

Ndivyo nilivyokuwa, mama. Kizuri nikikiona kwa watoto wangu, nilikifuta kwanza.

Halafu ikaja Pasaka. Ulikuwepo, ulikuwa umesimama sauti ya pili, kwa hiyo sitakusimulia kama mgeni. Ule wimbo wa Kaburi niliutunga mwenyewe, na Yona ndiye aliyekuwa tena wangu, mwimbaji wangu wa sauti ya tatu. Sijapata mwingine kama yeye, si Kilosa, si Kimamba, si popote nilipowahi kushindanisha kwaya. Alhamisi ya mazoezi ya mwisho, pale ninapowapa watu nafasi ya kuvuta pumzi, yeye na wenzake watatu wakaingiza kufokafoka: "Li tupu! Li tupu! Waulize walinzi!" kwa mdundo ule ule wa Wakorea. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Mama Zakaria akaangusha karatasi zake. Hata mchungaji, aliyekuwa mlangoni, alitabasamu.

Na palipendeza. Nakuambia leo, palipendeza. Nami nikaona kila mtu anamtazama yeye, kwenye wimbo wangu, mbele ya kwaya yangu, na damu ikanipanda. Nikasema, "Toka kwenye mstari. Usifungue kinywa chako ndani ya kanisa hili mpaka nitakapokuambia." Alinitazama. Nilidhani atajibu, nilitaka ajibu ili nipate la kuongeza. Akakunja karatasi yake mara nne, akaiweka juu ya benchi, akatoka. Ulitaka kumfuata, nikakutolea macho, ukabaki.

Mpaka nitakapokuambia. Sikumwambia kamwe. Nilikuwa namsubiri aje aombe radhi, na yeye, kwa kuwa ni mwanangu, alikuwa ananisubiri mimi.

Mwezi uliofuata akaenda Mikumi, kwenye kile kibanda cha kuingiza nyimbo jirani na maegesho ya malori. Mimi nilikitukana sana kibanda kile, nikisema kijana mwenye sauti kama ile anakwenda kujaza kelele kwenye flashi za madereva. Mama yako ndiye aliyenieleza kazi yenyewe ilivyo: dereva anashuka kula, anaacha flashi yake, anarudi anakuta nyimbo za kumfikisha Tunduma. Yona alikuwa anawachagulia. Huyu ana safari ya mchana, mpe hizi; huyu anasinzia, mpe zile za kufoka. Kumbe na yeye alikuwa mwalimu wa kwaya, tofauti ni kwamba watu wake hawakuwa wanaonana.

Miezi minane, Debora. Katika miezi hiyo maneno yetu yalikuwa mawili. Anapiga simu Jumapili, mama yako ananipa, anasema, "Shikamoo Baba." Nasema, "Marahaba." Nasikia malori yanapita huko aliko. Halafu narudisha simu kwa mama yako. Hakuacha hata Jumapili moja kunisalimia, na mimi hata Jumapili moja sikumuuliza amekula nini. Nilijiona baba mwenye msimamo kwa sababu heshima yangu nilikuwa napewa. Salamu ile ilikuwa inanitosha, au nilijiambia inanitosha.

Kwenye likizo yako ya Desemba, mimi niko Kimamba kwenye msiba wa fundi mwenzangu, Yona akaja. Mkaziba dirisha la chumbani na mablanketi, mkaurekodi ule wimbo upya kwenye simu yake. Kiitikio mkaacha cha Kikorea, na ule ubeti wa kati akauondoa akaweka wa kwake, wa Kiswahili. Nilirudi jioni nikakuta blanketi bado limening'inia, nikauliza, ukasema mlikuwa mnafukuza mbu. Mbu gani wa kufukuzwa kwa blanketi! Sikuuliza zaidi. Alikuwa ameshaondoka.

Wiki tatu baadaye ndiyo ikawa pikipiki na mvua, pale mbele ya kijiji cha Ulaya. Hapo sitaandika kitu. Jeneza nilitaka nilitengeneze mwenyewe, mafundi wenzangu wakaninyang'anya randa.

Sasa tufike kwenye simu.

Unakumbuka siku ya kuanua matanga. Ukoo wa mama yako ni Wasagara, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mimi baba nakaa pembeni pamoja na wageni, nanyamaza, wajomba ndio wanaokunjua nguo za marehemu juu ya mkeka na kugawa. Mzee wangu alikuja Kilosa kwa kazi ya reli, kwa hiyo nilizaliwa hapa lakini kwenye mkeka ule sina sauti, na siku zote nimeona ni sawa. Mjomba Lameck wa Msowero akagawa suruali, mashati, viatu, lile koti la mvua. Akauliza wenzake, "Kuna kilichobaki?" Wakasema hakuna. Ndipo mimi, nisiyetakiwa kusema, nikainuka nikasema, "Kuna simu."

Watu wakageuka. Wewe ulikuwa mlangoni jikoni na simu iko kwenye mfuko wa gauni lako. Ulikuja mbio. Ukasema, "Baba, naomba kesho. Naomba siku moja tu, kuna kitu nihamishe." Ukapiga magoti, Debora, mbele ya wajomba wote. Nami nikasema kwa sauti ile ya kwaya, "Vitu vya marehemu havibaki ndani. Toa." Mjomba Lameck, masikini, akanisifu: "Shemeji ana moyo mkubwa." Akaipokea kwa mikono miwili. Kule Msowero ilipomshinda kuifungua, kwa sababu ile namba uliijua wewe tu na hakuna aliyekuuliza, akaipeleka kwa fundi, fundi akaisafisha yote. Mwezi mmoja baadaye ulipokwenda Msowero kuifuata, uliikuta nyeupe kabisa, ina picha ya ng'ombe wa mjomba tu.

Mama yako hakusema na mimi kwa muda mrefu baada ya hapo. Kitanda kimoja, watu wawili. Ni wewe uliyetupatanisha. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nachota maji, nikakusikia unamwambia, "Mama, msamehe Baba. Hakujua. Yeye simu ni simu tu, hakujua kwamba sauti ya Yona imo." Mama yako akalia, halafu usiku ule akaniandalia maji ya kuoga.

Nilijua.

Siku ya tatu ya msiba, mchana, nilikwenda nyuma ya jiko kuokota mbao za kuongezea moto. Wewe na binti za mama yako mdogo mlikuwa ndani, mmeufungulia ule wimbo kwa sauti ya chini. Nikasikia ngoma, nikasikia wewe unaimba kiitikio, halafu akaingia Yona. Mwanangu niliyemzika juzi yake anafoka ndani ya jiko langu. Niliegemea ukuta. Alianza kwa kuniigiza: "Besi! Besi mnalala! Nani kawapa uji?" Mkacheka mle ndani huku mnalia. Nikataka kucheka na mimi. Ndipo akasema, kwa mdundo, polepole, kila neno likikaa mahali pake: Baba yangu anafundisha watu wote kuimba, mimi amenifundisha kunyamaza.

Binti mmoja akasema, "Mh! Baba mkubwa akisikia hii." Sikubaki kusikiliza mbele. Niliziacha mbao pale pale nikaondoka.

Siku zote zilizobaki nilikuwa nafikiria jambo moja, na lilikuwa la kujali jina langu tu: kwamba wimbo huo utachezwa. Utachezwa Kilosa nzima. Nitasimama mbele ya kwaya nainua mkono, na kila mtu mle ndani atakuwa anayo sentensi ile kichwani. Mwanangu amekufa na mimi nawaza uso wangu. Kwa hiyo siku ya mkeka nilichukua mila ya watu, tena ya watu ambao si kwetu, nikajifunika nayo. Kila aliyeniona aliona mtu anayeheshimu taratibu za wakwe. Nilijua kilichomo, nilijua unataka kuhamisha nini, nilijua ukipewa siku moja kitabaki. Ndiyo maana sikukupa hiyo siku.

Huo ndio ubaya wenyewe. Miaka miwili umenisamehe kosa ambalo silo nililofanya. Kila ukiniwekea chai, kila ukisema "Shikamoo Baba" asubuhi na uso wako umekunjuka, nilikuwa nakula msamaha wa mtu mwingine, mjinga fulani asiyejua simu. Ningependa sana kuwa huyo mjinga.

Sitakupa mawaidha. Nani anipe mimi kiti cha kuhubiri? Ila huko wodini utakosea, kwa sababu kila afanyaye kazi hukosea, na utaona kuna mlango mdogo wa kutokea: utaratibu fulani, karatasi fulani, mkubwa fulani wa kumsingizia, na watu watakusifu hata. Ukiuona mlango huo unikumbuke mimi nimesimama pembeni ya mkeka. Sema siku hiyo hiyo. Kesho yake inakuwa nzito mara mbili, na mwaka ukipita unakuta umeshaijengea nyumba.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna la pili, na hili ni la mwezi uliopita.

Hujawahi kuniuliza kwa nini siku hizi Jumamosi nakwenda Mikumi. Nawaambia natafuta mbao. Nani anatafuta mbao kando ya mbuga? Mama yako amenyamaza tu, yeye ana macho. Mwenye kile kibanda aliniambia kwamba Yona alikuwa na tabia moja: kila flashi anayoijaza, mwishoni kabisa anaongeza wimbo mmoja wa zawadi, bila kumwambia mwenyewe. Zile wiki tatu za mwisho, zawadi ilikuwa wimbo wenu. Kwake kibandani haupo tena, ile kompyuta ilikufa. Lakini kuna madereva waliondoka nao. Nikasikia hivyo, nikapata kichaa cha kuutafuta. Nilinunua flashi, nikawa naitia mfuko wa shati, nasimama maegeshoni kila Jumamosi nauliza madereva, "Kijana wangu, una wimbo wa Wakorea una Kiswahili katikati?" Wengine walinicheka. Mmoja alinipa soda akidhani nimechanganyikiwa.

Mwezi uliopita, saa tano asubuhi, dereva mmoja wa Tunduma akasema, "Ah, ule wa besi mnalala? Panda mzee, panda usikilize."

Nilipanda. Nikakaa kwenye kiti chake mwenyewe, yeye akasimama kwenye ngazi ya mlango anakula muhogo. Akaufungulia. Nilimsikia mwanangu akifoka kwenye spika kubwa, kiti kinatetemeka. Ilipofika ile sentensi nikafumba macho. Na safari hii sikuwa na pa kukimbilia, ikabidi nisikilize mpaka mwisho.

Debora, hukuniambia kuna mwisho ule. Au ungeniambiaje, mtu ambaye "hakujua"? Baada ya ile sentensi ananyamaza kweli, mapigo manne matupu. Halafu kiitikio cha Wakorea kinarudi, unaimba wewe, na chini yako anaingia yeye, hafoki tena, anaimba. Anaimba sauti ya tatu ya wimbo wangu wa Kaburi. Ile ile niliyomtoa nayo kwenye mstari, nota kwa nota kama nilivyomfundisha, na imekaa ndani ya wimbo wa Wakorea bila kugongana popote. Mimi mwenyewe nisingeweza kuipanga vile. Kisha mnamalizia, unasikika unacheka unasema, "Baba akisikia je?" Naye anasema, "Mwache asikie."

Nilikuwa nimeukimbia wimbo nusu. Ningevumilia mapigo manne tu pale nyuma ya jiko, ningesikia.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Dereva akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Mzee, huyu kijana unamfahamu? Anaimba huyu. Mimi huwa nauweka nikipanda mlima Kitonga." Na uso wake ulikuwa mwema. Nikafungua kinywa. Nikaona nikisema ni mwanangu, ataiona ile sentensi, ataniona mimi ndani yake. Nikasema, "Hapana, simfahamu."

Akasema, "Basi nikukopie? Si una flashi?" Flashi ipo mfukoni, Debora, ipo hapa kifuani. Nikasema, "Hapana, hizi ni nyimbo za watoto." Nikashuka. Akanishika mkono nisiteleze kwenye ngazi. Akawasha, akaondoka kuelekea Iringa, nami nikasimama pale na flashi tupu mpaka vumbi likatua.

Nimerudi Jumamosi zote tangu hapo. Lori lile halijapita, au limepita siku nyingine. Leo asubuhi, mkiwa mnajiandaa kwenda Masanze, nilimwita mama yako hapa karakana nikamweleza yote mawili. Alisikiliza akiwa amesimama. Akasema, "Mwambie mwenyewe mtoto, mimi sitakusemea." Akaenda kukuita mwondoke. Sijui jioni atanitazamaje, na sina haki ya kudai anitazame vipi.

Kesho atakusindikiza yeye hadi Mikumi kupanda basi la Mbeya. Mimi nitakuwa hapa mlangoni toka alfajiri. Ukipita bila kusema kitu nitaelewa, na ukitaka kunitukana, nitukane, sitasema marahaba halafu nikanyamaza. Sikuombi unisamehe leo. Nimekuibia msamaha mmoja tayari, sitaki kukuharakisha kwa mwingine.

Ila utapita barabara ile, na kwa miaka mitatu utaipita mara nyingi, wewe ambaye nusu ya sauti ile ni yako. Lori lina kichwa cha bluu, kwenye bampa ameandika "Taratibu Mjomba". Dereva ni kijana mwembamba, wenzake wanamwita Chogo. Ukimkuta, Makambako, Mbeya, popote, mwombe akukopie. Atakupa, alikuwa tayari kunipa hata mimi. Halafu umwambie kwamba yule mzee aliyekaa kwenye kiti chake, akausikiliza wimbo wote, akasema huyu kijana simfahamu, ni baba yake.

Ni mimi,
baba yako, na wa Yona.